Je, mtuhumiwa wa ugaidi anaweza kupata haki mahakamani? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kesi ya Ghailani na nyingine za kwetu

Ukiyapanga mashtaka kwa namba, ilikuwa hivi: la kwanza, la pili, la tatu, la nne, hana hatia. La tano, ana hatia. Kuanzia la sita hadi la 285, hana hatia. Ndivyo jopo la raia 12 lilivyoamua kuhusu Ahmed Khalfan Ghailani, mzaliwa wa Zanzibar, katika mahakama ya shirikisho mjini New York, Jumatano ya tarehe 17 Novemba 2010. Tangu siku hiyo, anayelalamika kwamba magaidi wanabebwa na mahakama huitaja kesi hiyo, na anayelalamika kwamba wanaonewa huitaja hiyohiyo.

Maswali yaliyomo humu ndiyo yanayorudi kila kesi ya ugaidi inapozungumzwa, iwe ya Guantánamo (gereza la kijeshi la Marekani kisiwani Cuba), ya Dar es Salaam au ya Nairobi. Nimejibu kwa kesi zilizosikilizwa kweli, na pale nilipo na maoni yangu nimeyasema waziwazi.

"Kusikilizwa kwa haki" maana yake nini hasa?

Mtu aambiwe anashtakiwa kwa lipi, kwa lugha anayoielewa. Apewe wakili na muda wa kujiandaa. Auone ushahidi dhidi yake na aweze kuuhoji. Asilazimishwe kujitia hatiani mwenyewe. Anayeamua asiwe na upande, na pawepo na rufaa. Katiba ya Tanzania inayagusa haya katika ibara ya 13(6), na ya Kenya ya mwaka 2010 inayataja moja baada ya jingine katika ibara ya 50. Kenya ilikwenda mbele zaidi: ibara ya 25 inasema haki ya kusikilizwa kwa haki haipunguzwi kwa sababu yoyote. Hapo ugaidi haukuachiwa mlango wake wa uani.

Watu wengi huchanganya haki ya kusikilizwa na matokeo ya kesi. Mtu anaweza kufungwa maisha baada ya kusikilizwa vizuri kabisa, na mwingine akaachiwa baada ya kesi ya ovyo.

Ghailani alishtakiwa kwa lipi?

Ijumaa ya tarehe 7 Agosti 1998, asubuhi, mabomu mawili yaliyobebwa kwenye magari yalilipuka nje ya balozi za Marekani, moja Nairobi na jingine Dar es Salaam, kwa tofauti ya dakika chache. Watu 224 walikufa: 213 Nairobi na 11 Dar. Wamarekani walikuwa 12. Waliobaki walikuwa watu wetu hasa: makarani, walinzi, madereva, wapita njia, watu waliokuwa kwenye jengo la jirani ambao hawakuwa na shughuli yoyote na ubalozi.

Upande wa mashtaka ulidai kwamba Ghailani alisaidia kununua lori aina ya Nissan lililobeba bomu la Dar pamoja na mitungi ya gesi iliyopakiwa ndani yake, na kwamba siku moja kabla ya mlipuko alipanda ndege Nairobi kwenda Karachi. Mawakili wake hawakukana kwamba alinunua vitu. Walisema alikuwa kijana wa mjini anayetumwa huku na kule, na wakubwa waliomtuma hawakumwambia vitu hivyo vinakwenda kufanya nini.

Mashtaka 285 yalitoka wapi?

Kwa sehemu kubwa ni vifo. Kila aliyeuawa alihesabiwa shtaka, kisha yakaongezwa mashtaka ya kula njama na ya uharibifu.

Alifikaje New York, wakati alikamatwa Pakistan?

Kwa njia ndefu, na urefu huo ndio ulioleta matatizo yote. Alikamatwa Julai 2004 katika mji wa Gujrat. Hakupelekwa kwa hakimu. Alichukuliwa na shirika la ujasusi la Marekani, CIA, akawekwa katika magereza ya siri kwa takriban miaka miwili, akihojiwa kwa mbinu ambazo serikali yenyewe haikutaka kuzieleza mahakamani. Septemba 2006 akahamishiwa Guantánamo. Mwaka 2008 alifunguliwa mashtaka mbele ya tume ya kijeshi, yakaachwa. Juni 2009 ndipo alipoletwa New York.

Mawakili wake waliomba kesi ifutwe kwa hoja kwamba mtu aliyezuiwa karibu miaka mitano bila kufikishwa mahakamani amekwisha kunyimwa haki ya kusikilizwa mapema. Jaji Lewis Kaplan alilikataa ombi hilo. Alisema miaka ya CIA ilikuwa na sababu ya usalama wa taifa, na kwamba ucheleweshaji wenyewe haukuudhuru utetezi kiasi cha kuiua kesi. Mimi naona hapo jaji aliilegezea serikali kamba. Ila hoja yake aliiandika kwa kirefu, na ukiisoma unaona amelipima kweli jambo lenyewe.

Kisa cha shahidi wa TNT kilikuwaje?

Hiki ndicho kiini cha kesi nzima, kwa hiyo tukae hapa kidogo.

Upande wa mashtaka ulikuwa na Mtanzania mmoja aliyekuwa tayari kupanda kizimbani na kusema: mimi ndiye niliyemuuzia Ghailani baruti ya TNT. Fikiria uzito wa maneno hayo. Utetezi wote ulisimama juu ya "hakujua". Mtu anayenunua mitungi ya gesi anaweza kusema hakujua. Anayenunua TNT atasemaje?

Serikali ilimjuaje shahidi huyo? Ilimpata kwa maneno ya Ghailani mwenyewe, aliyoyatoa akiwa mikononi mwa CIA. Waendesha mashtaka walikwisha kukubali kwamba hawatatumia lolote alilolisema akiwa huko. Na walipotakiwa waeleze alihojiwa vipi, walichagua kutobishana. Walimwambia jaji achukulie tu kwamba kila alichosema kilitolewa kwa kulazimishwa, halafu aamue kama shahidi anaruhusiwa.

Kaplan alimwita shahidi, akamsikiliza bila jopo kuwapo, akawasikiliza na maofisa waliomkamata Tanzania mwaka 2006. Swali lilikuwa moja: huyu bwana amekuja kwa hiari yake, au bado anavutwa na uzi uleule uliotoka kwenye chumba cha mateso? Tarehe 6 Oktoba 2010, asubuhi ambayo kesi ilitarajiwa kuanza, jaji alitoa uamuzi. Shahidi asiingie. Serikali haikuthibitisha kwamba ushahidi wake umekatika na chanzo chake kichafu.

Kwa lugha ya nyumbani: ukichota maji kisimani kwa ndoo iliyotoka chooni, usiseme maji ni ya kisima.

Basi jaji alimsaidia gaidi?

Hapana. Waliomsaidia, kama neno ndilo hilo, ni waliomhoji. Angekamatwa Gujrat, akaonywa kisheria, akaitiwa wakili na kupelekwa New York wiki ileile, huenda huyo muuza TNT angepatikana kwa upelelezi wa kawaida wa polisi na akasimama kizimbani bila pingamizi. Wenzake walioshtakiwa kabla yake walipatikana kwa njia hiyo, kama tutakavyoona.

Jopo la raia ni nini, na liliwezaje kusema "hana hatia" mara 284?

Sisi huku tumewazoea wazee wa baraza, ambao humpa jaji maoni yao na jaji akiona vyema anayaweka kando. Marekani raia 12 ndio wanaoamua kama mtu ana hatia, tena wote kwa kauli moja. Jaji anabaki na sheria na adhabu.

Katika kesi hii majina ya wanajopo yalifichwa kwa usalama wao. Walisikiliza kwa takriban mwezi mzima, katika jengo lililo umbali wa kutembea kwa miguu kutoka pale yalipoanguka majengo mawili ya Septemba 11. Watu wengi waliapa kwamba New York haiwezi kutoa watu 12 watakaomsikiliza mtuhumiwa wa al-Qaeda bila hasira. Hilo ndilo lilikuwa swali la wakati ule, na nakiri nami nilikuwa miongoni mwa waliotilia shaka.

Siku kadhaa ndani ya mashauriano, mwanajopo mmoja alimwandikia jaji karatasi akiomba atolewe. Msimamo wake ulikuwa tofauti na wa wenzake, akahisi anashambuliwa kwa ajili hiyo. Jaji hakumtoa. Aliwaambia warudi chumbani wakajadiliane kwa heshima. Siku mbili baadaye wakatoka na shtaka moja: kula njama ya kuharibu majengo na mali ya Marekani. Walichozungumza humo ndani wanakijua wao. Ukiangalia kwa nje, inafanana sana na maafikiano ya watu waliogawanyika, na baadhi ya wanasheria wameshangaa mtu atakulaje njama ya kulipua jengo bila kuwajibika kwa waliokuwamo ndani. Mshangao huo una haki yake. Lakini jopo lililoshikwa na hasira lisingetoa jibu la namna hiyo.

Shtaka moja tu, na bado kifungo cha maisha?

Ndiyo. Adhabu ya chini kwa shtaka lile ilikuwa miaka 20, ya juu maisha, kwa kuwa njama ilisababisha vifo. Tarehe 25 Januari 2011 Kaplan alitoa ya juu kabisa. Mawakili waliomba ahurumiwe kwa aliyofanyiwa na CIA. Jaji akajibu kwamba yaliyompata, hata yawe nini, ni madogo mbele ya maumivu ambayo yeye na wenzake waliyasababisha. Mahakama ya rufaa iliiacha hukumu kama ilivyo, Oktoba 2013.

Kwa hiyo wale waliopiga kelele kwamba mahakama ya kiraia "imemwachia gaidi" walikuwa wanamzungumzia mtu ambaye hatatoka jela mpaka afe.

Angeshinda mashtaka yote 285, angerudi Zanzibar?

Huenda asingerudi. Katika uamuzi uleule wa kumzuia shahidi, Kaplan aliandika kwamba hata kama jopo lingemwona Ghailani hana hatia, hadhi yake ya "mpiganaji adui" pengine ingeruhusu aendelee kuzuiliwa mpaka uhasama uishe, mithili ya mateka wa vita.

Isome tena. Jaji aliyetoa uamuzi wa kijasiri kuliko wote katika kesi hiyo alikuwa pia anaituliza nchi: msiogope, mlango umefungwa kwa nyuma. Mtu akiniuliza kasoro kubwa ya kesi hii ni ipi, simtajii jopo wala ushahidi. Namtajia hapo. Kesi ambayo kushindwa ni jela na kushinda ni jela imebakiwa na nini?

Na wale wa kesi ya 2001?

Kabla ya gereza la Guantánamo kuwapo, watu wanne walishtakiwa New York kwa mabomu yaleyale, mmoja wao Mtanzania, Khalfan Khamis Mohamed. Tarehe 29 Mei 2001 walikutwa na hatia, kwa ushahidi uliokusanywa na polisi na FBI, shirika la upelelezi la Marekani: alama, risiti, mashahidi, maelezo yaliyoandikwa. Oktoba 2001, wiki chache baada ya Septemba 11, wote wanne walifungwa maisha. Hakuna aliyehitaji gereza la siri kwa hilo.

Kesi ya Khalfan ina sehemu isiyosimuliwa vya kutosha. Alikamatwa Cape Town Oktoba 1999 na kukabidhiwa kwa Wamarekani haraka haraka, bila ahadi yoyote kwamba hatanyongwa. Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilisema tarehe 28 Mei 2001, siku moja tu kabla ya hukumu ya New York, kwamba serikali ilivunja katiba: nchi iliyofuta adhabu ya kifo haimpeleki mtu penye kitanzi. Mtu mwenyewe alikwisha kuondoka, hawangeweza kumrudisha. Wakaagiza nakala ya uamuzi wao ipelekwe kwa mahakama ya New York. Jopo la huko lilipojadili adhabu Julai mwaka huo, halikuafikiana juu ya kifo, na sheria ikambakisha kwenye maisha.

Kwa nini wasihukumiwe tu na mahakama ya kijeshi, si ni haraka zaidi?

Haraka? Watuhumiwa wakuu wa Septemba 11 walisomewa mashtaka mbele ya tume ya kijeshi ya Guantánamo Mei 2012. Miaka zaidi ya kumi imepita, kesi yenyewe haijaanza kusikilizwa. Julai 2024 palitangazwa makubaliano ya kukiri makosa ili waepuke kifo, na siku mbili baadaye waziri wa ulinzi akayafuta, yakaanza mabishano mapya ya rufaa. Tatizo ni lilelile la shahidi wa TNT, mara mia: nini kilisemwa kwa hiari na nini kilitolewa kwa mateso.

Na baada ya hukumu ya Ghailani, Bunge la Marekani lilizuia fedha za kumhamisha mfungwa yeyote wa Guantánamo kwenda kushtakiwa ndani ya Marekani. Yeye ndiye pekee aliyewahi kutolewa huko akahukumiwa na mahakama ya kiraia.

Wengine hawakupata hata hiyo. Mkenya mmoja alikamatwa Mombasa mwaka 2007, akakabidhiwa kwa Wamarekani, akakaa Guantánamo mpaka Desemba 2024 aliporejeshwa Kenya. Hakuwahi kusomewa shtaka hata moja. Huyo hana kesi ambayo tunaweza kuuliza kama ilikuwa ya haki.

Tuje nyumbani. Kuna dhamana kwenye kesi za ugaidi?

Kenya, ibara ya 49 ya katiba inampa kila aliyekamatwa haki ya dhamana isipokuwa pakiwa na sababu nzito, kwa hiyo mahakama hupima kila mtu kwa hali yake. Kwenye ugaidi mara nyingi jibu huwa hapana, lakini angalau swali huulizwa.

Tanzania bara, ugaidi umo katika orodha ya makosa yasiyo na dhamana, basi. Shtaka likishaandikwa, mtu anakwenda rumande, na mahakama ya chini inayomsomea shtaka haina mamlaka hata ya kulisikiliza.

Niliwahi kukaa kwenye benchi la nje ya mahakama moja, jina lake halihusu, siku ambayo shauri la namna hiyo lilikuja "kwa ajili ya kutajwa". Karandinga liliingia saa tatu na nusu. Mama mmoja alikuwa na mfuko wa plastiki wenye kanzu iliyokunjwa vizuri na dawa ya mswaki, ameukumbatia kama mtoto. Wakili wa serikali akasimama: Mheshimiwa, upelelezi bado haujakamilika, tunaomba tarehe nyingine. Hakimu akafungua diary, akataja tarehe ya wiki mbili mbele. Nilitazama saa: dakika nne. Mfuko ule haukupokelewa, akaambiwa aupeleke gerezani. Aliniambia hiyo ilikuwa safari yake ya mwaka wa tatu.

Masheikh wa Uamsho, jumuiya ya Kiislamu ya Zanzibar, waliishi hivyo. Walishtakiwa kwa ugaidi Dar es Salaam mwaka 2014, na Juni 2021 mashtaka yakafutwa na Mkurugenzi wa Mashtaka. Miaka saba. Kama walikuwa na hatia, haikuthibitishwa. Kama hawakuwa nayo, hakuna aliyewarudishia miaka yao. Mimi naamini hapo ndipo haki inapokufa kwenye kesi nyingi za huku: rumande, kabla shahidi wa kwanza hajaapa.

"Kesi ndogo ndani ya kesi kubwa" ni kitu gani?

Watanzania wengi waliijifunza kupitia kesi ya Freeman Mbowe. Akiwa wakati huo mwenyekiti wa chama cha upinzani cha Chadema, alikamatwa Mwanza Julai 2021, akashtakiwa kwa ugaidi pamoja na wenzake watatu waliokuwa wanajeshi. Upande wa Jamhuri ulipotaka kutoa maelezo ya onyo ya mshtakiwa mmoja (yale anayoyatoa mtu polisi baada ya kuonywa kwamba yanaweza kutumika dhidi yake), mawakili wa utetezi walipinga: aliteswa, na yalichukuliwa nje ya muda. Hapo kesi kubwa husimama, inafunguliwa ndogo kwa ajili ya swali hilo peke yake, na mashahidi wake, na uamuzi wake. Oktoba 2021 mahakama iliyapokea maelezo yale.

Ni zoezi lilelile alilolifanya Kaplan na muuza TNT, ila majibu yalitofautiana. Kenya ina kifungu kizuri kuhusu hili, ibara ya 50(4): ushahidi uliopatikana kwa kuvunja haki utupwe iwapo kuupokea kutaifanya kesi isiwe ya haki. Kifungu kizuri, narudia. Wakili wa Nairobi atakuambia kazi ni kuthibitisha kilichotokea kwenye chumba ambamo walikuwamo mteja wako na polisi tu.

Ya Mbowe iliishaje? Februari 2022 jaji alisema ana kesi ya kujibu. Tarehe 4 Machi, kabla hajafungua utetezi, Mkurugenzi wa Mashtaka akasema hana nia ya kuendelea. Hatujui hukumu ingesemaje.

Kuna aliyewahi kushinda kesi ya ugaidi Afrika Mashariki?

Wapo, na si wachache kama watu wanavyodhani.

Desemba 2004 Mahakama Kuu Dar es Salaam ilimwachia huru Mtanzania aliyeshtakiwa kwa bomu lilelile la ubalozi. Juni 2005 Mahakama Kuu Nairobi iliwaachia washtakiwa wa shambulio la hoteli ya Paradise, Kikambala, la Novemba 2002. Kesi ya mabomu ya Kampala ya Julai 2010, yaliyoua zaidi ya watu 70 waliokuwa wakitazama fainali ya Kombe la Dunia, iliisha Mei 2016: saba walikutwa na hatia ya ugaidi, watano wakaachiwa. Kesi ya Chuo Kikuu cha Garissa, ambako watu 148 waliuawa Aprili 2015, iliisha 2019 kwa watatu kufungwa na mmoja kuachiwa. Kesi ya shambulio la jengo la maduka la Westgate, Nairobi, 2020: wawili wakafungwa, mmoja akaachiwa.

Hakimu anayeweza kumwachia mtu katika kesi ya Garissa, nchi nzima ikiwa bado inalia, amefanya kazi yake. Sioni namna nyingine ya kulisema.

Akishaachiwa, anakwenda nyumbani?

Yule wa Westgate aliachiwa Oktoba 2020 na mara tu baada ya kutoka mikononi mwa polisi, watu wenye silaha wakamteka Nairobi mchana kweupe. Katika kesi ya Kampala pia, waliochomolewa kwenye hatia walikamatwa tena baada ya hukumu. Na Sheikh Aboud Rogo, mmoja wa walioachiwa katika kesi ya Kikambala, alipigwa risasi ndani ya gari lake Mombasa Agosti 2012, wakati huo akiwa na kesi nyingine mahakamani na yuko nje kwa dhamana. Unaweza kuyachukia mahubiri yake kwa moyo wote, wengi waliyachukia, na bado ukaona kwamba risasi ile iliifunga kesi ambayo hakimu alikuwa hajaifunga.

Unakumbuka maandishi ya Kaplan kuhusu mateka wa vita? Huko waliyaandika kwenye uamuzi. Huku hayaandikwi.

Ushahidi wa siri je?

Kila serikali huuomba. Kenya walijaribu kwa sheria ya usalama ya Desemba 2014, iliyoruhusu upande wa mashtaka kuficha baadhi ya ushahidi mpaka karibu na kusikilizwa. Februari 2015 Mahakama Kuu ilivifuta vifungu vinane vya sheria hiyo, hicho kikiwamo. Mtu hawezi kujitetea dhidi ya kitu asichokiona.

Kwa nini wakili akubali kumtetea mtu kama huyo?

Kwa sababu bila yeye hakuna kesi, kuna sherehe. Na hatari iko pande zote: aliyeongoza mashtaka ya kesi ya Kampala, Joan Kagezi, aliuawa kwa risasi Machi 2015 kesi ikiwa inaendelea.

Na waliolipuliwa, haki yao iko wapi?

Siku ya adhabu ya Ghailani, manusura na jamaa za waliouawa walisimama mmoja mmoja New York wakazungumza, naye akiwa ameketi anawasikiliza. Wengi wanaoulizia haki za mtuhumiwa hawajui kwamba sehemu hiyo ipo kwenye kesi ya kiraia. Mtu aliyezuiwa kisiwani bila shtaka hakutani kamwe na mjane wa Dar.

Fedha ni habari nyingine. Sudan ilikubali kulipa dola milioni 335 kwa waathirika wa mashambulizi yanayohusishwa na al-Qaeda, lakini zikawafikia raia wa Marekani na waliokuwa waajiriwa wa serikali yake. Mkenya aliyekuwa anapita barabarani akapoteza macho kwa vioo hakuhesabiwa. Bado wanadai, na kila tarehe 7 Agosti wanakutana kwenye bustani ya kumbukumbu Nairobi, pale ubalozi uliposimama, mbele ya ukuta wenye majina.

Kaplan naye, pamoja na kifungo, aliamuru Ghailani awalipe waathirika fidia ya zaidi ya dola milioni 33. Iko kwenye hukumu, kwa tarakimu. Mlipaji ni mfungwa wa maisha.